Thonny na tkinter kwa taima ya stesheneri, maoni yangu

Kwa wale wanaotafuta kitu chepesi cha kutengenezea programu ndogo ya kompyuta yenye taima ya kurudi nyuma, mimi natumia Thonny (programu ya kuandikia lugha ya Python) na tkinter (sehemu ya Python ya kutengenezea madirisha na batani) hapa stesheneri kwetu Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na nasema kwa anayeanza inatosha kabisa, ila urembo usiutegemee.

Kazi yenyewe ni hivi. Wanachuo wanakuja kukaa kwenye kompyuta nusu saa au lisaa, na mambo ya kuandika kwenye daftari "kaingia saa nne na robo" ni ugomvi tu maana kila mtu ana saa yake. Kidirisha cha kupiga hesabu ya hela kilikuwepo tayari, kikakosa dakika zinazopungua ili mteja ajionee mwenyewe.

Thonny ilianzia Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya watu wanaojifunza, ni ya bure, na ile ya Windows inakuja na Python yake ndani pamoja na tkinter, kwahiyo ukishainstoli unaanza kazi. Visual Studio ya Microsoft, ya kutengenezea programu pia, nayo ni nzuri, tena taima yake unaiburuta tu unaidondosha kwenye fomu unaweka 1000 (milisekunde, yani sekunde moja) imeisha hiyo, lakini inakula magigabaiti, sasa kwa bando hili na laptop ya RAM GB 4 aisee hapana.

Utamu na uchungu wa tkinter viko kwenye kitu kimoja kinaitwa after. Vijana wengi wanachukua kodi (maandishi ya programu) ya taima mtandaoni, ile ya while na time.sleep(1), yani inayojirudia na kulala sekunde moja moja, kwenye skrini nyeusi inakwenda vizuri, wakiihamishia kwenye dirisha kila kitu kinaganda, batani hazibonyezeki, Windows inaanza kulalamika programu haijibu, afu wanasema tkinter mbovu. Sio mbovu. Dirisha zima linaendeshwa na mzunguko mmoja, mainloop, ndio unaochora na ndio unaosikiliza mausi, ukiulaza na sleep umelaza vyote. Unachotakiwa kuandika ni root.after(1000, punguza), root ni dirisha lako na punguza ni funksheni yako ya kuonyesha mda uliobaki, yani "zikipita milisekunde 1000 niitie punguza", na kwa kuwa inaita mara moja tu, punguza yenyewe ndio ijipangie tena kabla ya kumaliza. Na jina la funksheni liende bila mabano yake, ukiyaweka inaitwa hapo hapo bila kusubiri, inajiita weee mpaka Python inagoma.

Kingine, hiyo 1000 maana yake ni angalau 1000, huwa inachelewa kidogo, na kwa nusu saa vichelewesho vinajumlishana. Kwahiyo usitoe sekunde moja moja. Mteja akianza weka mwisho = time.monotonic() + 1800 (time.monotonic() ni kihesabu sekunde cha Python kinachokwenda mbele tu, na 1800 ni sekunde za nusu saa), halafu kila ukiitwa toa time.monotonic() ya mda huo kwenye mwisho, hapo hata ukichelewa hesabu haipotei. Hii monotonic naipenda sana kwa sababu haifuati saa ya kompyuta, na hawa wanachuo wangu wa IT kurudisha saa ya Windows nyuma dakika kumi kwao ni mchezo wa chekechea.

Kuonyesha ni rahisi, divmod inakugawia dakika na sekunde, unabadilisha maandishi ya lebo kwa config, usitengeneze lebo mpya kila sekunde. Batani ya kuanza uizime ikishabonyezwa, la sivyo mtu akiibonyeza mara mbili punguza zinakuwa mbili, na kama ulikuwa unatoa moja moja dakika zinakimbia mara mbili, hapo mteja atakuelewa kweli?

Sasa lawama zangu. Sura ni ya kizamani, ttk (batani na lebo za tkinter zenye sura mpya zaidi) inasaidia kidogo. Umeme ukikatika na mashine ni ya mezani dakika za mteja zinaondoka nao, hamna kinachohifadhiwa usipoandika mwenyewe kwenye faili, na ukiandika andika sekunde zilizobaki, maana namba ya monotonic kompyuta ikishazimwa haina kazi tena. Pia taima hii haimfukuzi mtu kwenye kiti, inaonyesha tu, mdomo bado unahitajika. Kinachoniudhi zaidi ni sauti: bell, mlio wa tkinter yenyewe, unaweza usiusikie kabisa, na winsound.Beep ya Windows inasikika ila dirisha linaganda mpaka mlio uishe, ukiweka mlio wa sekunde tatu ndio sekunde tatu batani zimekufa.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa hiyo sauti.