Methionini ya unga: kilichomo ni kizuri, pakiti ya hovyo

Nafuga kuku wa mayai hapa Masasi na chakula nachanganya mwenyewe: mahindi ya kuparaza, pumba, soya ya kukaanga, chokaa, mifupa na primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Dagaa nimeachana nao, maana siku hizi unauziwa na mchanga. Sasa ukitoa dagaa, methionini inapungua, nayo ni asidi amino, yaani kipande kimoja cha vile vinavyojenga protini; soya ina lisini, asidi amino nyingine, ya kutosha lakini methionini yake haba, na mahindi hayaokoi kitu. Ndiyo maana nikanunua hii ya unga duka la pembejeo, kilo shilingi 18,000.

Unga wenyewe ni mweupe, wa chengachenga, na ukifungua unanuka kama kabichi iliyochemka ikapitiliza. Harufu hiyo ni ya salfa iliyomo. Usionuka hivyo ningeutilia shaka. Herufi DL kwenye jina DL-methionini zisikutishe: ina maumbo mawili, nusu ni umbo la D na nusu la L, na lile la D mwili wa kuku unaligeuza wenyewe kuwa L.

Kuku hawezi kujitengenezea methionini, lazima ale. Ikifika kwenye ini hugeuzwa homosisteini, kisha kwa msaada wa vitamini B6 ile salfa inahamishiwa kwenye serini, asidi amino nyingine, inapatikana sisteini, nayo ni asidi amino ambayo manyoya yanaihitaji kwa wingi. Homosisteini inaweza kurudishwa kuwa methionini, kwa vitamini B12 na foleti au kwa kolini, kwa hiyo primiksi usiibanie. Ila ikishakuwa sisteini, hairudi tena.

Jirani yangu mwenye mikorosho akaniambia, "Shangazi, si uwape tu salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mimi ninayo mifuko ndani?" Hapana, baba. Salfa tupu kuku hana uwezo wa kuiunga ikawa methionini. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyomfanyia kazi hiyo, kuku hana.

Matokeo nimeyaona. Migongo iliyokuwa wazi imeota manyoya, kudonoana kumepungua, na mayai yameongezeka ukubwa. Idadi kwenye trei ni ileile. Wale wachache walioshazoea kudonoa wenzao hawajaacha, na sidhani kama unga wowote utawaachisha. Hao wanataka nafasi na mwanga hafifu.

Kinachoniudhi ni pakiti. Ni mfuko wa nailoni uliofungwa upya dukani: hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe ya mwisho, hakuna asilimia. Maelezo yameandikwa kwa kalamu, "vijiko 2 kwa mfuko". Kijiko cha chai au cha chakula? Mfuko wa kilo ngapi? Nilipouliza, muuzaji akacheka. Si jambo la kucheka, kwa sababu methionini ikizidi sana kuku anakataa chakula. Mimi napima gramu 150 kwa mizani ya jikoni kwa kila kilo 100 za chakula, nachanganya kwanza na pumba kilo mbili hivi, ndipo naingiza kwenye lundo lote. Ukiumwaga moja kwa moja, kuku mmoja atapata rundo na mwingine atakosa kabisa.

Unga naupa nyota 4, pakiti nyota 1. Kama unatumia chakula cha kiwandani, soma kwanza lebo, huenda methionini imeshatiwa. Na mwenye kuku wa kienyeji wanaojiokotea mchwa na panzi shambani, hela yake aiache mfukoni.