Kifaa cha kurudishia pistoni za breki za nyuma: kipi ununue

Anayebadili pedi za breki mwenyewe nyumbani hukwama kwenye magurudumu ya nyuma, si ya mbele. Mbele unaibana pistoni, kile kipande cha mviringo kinachosukuma pedi, inarudi ndani ya kalipa, yaani chuma kinachoshika pedi juu ya diski, na pedi mpya zinapata nafasi. Nyuma, kwenye magari mengi, pistoni haitaki kubanwa. Inataka kuzungushwa huku ikisukumwa, kwa sababu ndani yake mna skrubu ya handbreki.

Jirani yangu hakulijua hilo. Aliikaza kwa klempu pistoni ya gari lake la Volkswagen Golf, ikagoma, akaongeza nguvu. Skrubu ya ndani iliharibika, handbreki ikawa haishiki, na akanunua kalipa nzima kwa sababu ya pedi ambazo zingewekwa kwa saa moja.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, inama uangalie waya wa handbreki unaishia wapi. Ukiingia kwenye kalipa yenyewe, kama kwenye Volkswagen Golf Mk5, pistoni ni ya kuzungusha, na usoni ina vijishimo au mifereji. Ukipita nyuma ya diski, handbreki ina viatu vyake (vipande vya kubania kama vya breki za ngoma) ndani ya diski, na pistoni ni ya kusukuma tu. Toyota Mark X na Subaru Forester nyingi za zamani ziko hivyo.

Kwa pistoni ya kuzungusha, chaguo langu la kwanza ni seti ya sandukuni: spindo, yaani fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu, bamba la kuegemea kalipa, na vichwa vingi vyenye pini. Unachagua kichwa kinachokaa sawasawa kwenye vijishimo, kisha spindo inasukuma na kuzungusha kwa pamoja. Hapo ndipo thamani yake ilipo, maana mkono wa mtu hauwezi kufanya yote mawili kwa nguvu iliyo sawa. Dukani fungua sanduku uhesabu spindo. Ziwe mbili, moja ya kukaza kulia na nyingine ya kushoto, kwani pistoni nyingi huingia kwa kuzungushwa kulia lakini kuna magari ambayo upande mmoja huenda kinyume. Wingi wa vichwa usikubabaishe. Sanduku la vichwa kumi na vinane lenye spindo zote mbili ni bora kuliko la thelathini lenye moja. Ziguse pini pia. Zikiwa zinacheza, zitapinda siku ya kwanza.

Ya pili ni klempu ya seremala yenye umbo la G. Kwa mwenye Mark X ningeiweka ya kwanza bila kusita: bei yake ndogo, haichakai, na mbele utaitumia vilevile. Weka pedi kuukuu juu ya pistoni kisha kaza polepole, isije ikaingia upande.

Ya tatu ni kile kichemraba cha chuma chenye pini tofauti kila uso, kinachochomekwa kwenye racheti, ule mpini wa kufungulia nati. Ni rahisi na kinakaa mfukoni, lakini kinazungusha tu. Kusukuma ni juu ya kiganja chako. Pistoni laini itakubali. Iliyokaa miaka mingi na vumbi itakuchosha, pini zitateleza na kukwangua uso wake. Nunua ikiwa tu hela ya sanduku haijapatikana.

Koleo na bisibisi siviweki kwenye orodha kabisa. Vinachana mpira unaozuia vumbi kwenye pistoni, maji yanaingia, na baada ya muda pistoni inakwama kwa kutu.

Gari lenye handbreki ya umeme, yaani mota ndogo mgongoni mwa kalipa, kama Volkswagen Passat B6 iliyotoka 2005, usiliguse kwa chochote kati ya hivi kabla mashine ya kusomea gari haijairudisha mota nyuma. Baada ya hapo pistoni husukumwa kwa klempu.

Kifaa chochote utakachochagua, shusha handbreki kwanza, na fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki ukiangalia yasifurike, maana yanababua rangi. Kalipa usiiache ikining'inia kwenye paipu yake. Ifunge kwa waya. Kama pedi ina kipini mgongoni, mifereji ya pistoni ielekezwe kwenye kipini hicho. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu.