Tuisheni ya insha za fasihi Ujiji: mwezi mzima kwa aya moja

Mimi ni mama lishe hapa Mwanga, Kigoma, na mwaka huu narisiti kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kiswahili ndicho kilichoniangusha, hasa insha za fasihi. Niliposikia kuna mwalimu mstaafu Ujiji anafundisha insha jioni za Jumamosi na Jumapili kwa shilingi 25,000 kwa mwezi, nikapanda daladala. Wengi mmeniuliza kama hela inarudi. Inarudi, ila yapo ya kulalamikia.

Darasa lenyewe ni baraza la nyumba yake: mabenchi mawili, mkeka, na ubao uliomeguka pembe. Tulikuwa 19. Ukichelewa unakaa juani.

Siku ya kwanza alitupa swali la nafasi ya mwanamke katika riwaya mbili, akataka utangulizi tu, dakika kumi. Sitanii, wote tulianza na "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha..." Akaanza kuzisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, sauti ileile. Ya tatu tukacheka. Ya saba hakuna aliyecheka. Kisha akanigeukia mimi: "Mama, mteja akikaa mezani kwako, unaanza kumweleza maana ya chakula?" Nikasema hapana, namwambia leo kuna migebuka na ugali wa muhogo. "Basi niambie una nini."

Nikaenda nyumbani nikaandika nusu ukurasa kuhusu Sekai wa riwaya ya Takadini, na machozi kidogo yalinitoka. Jumapili ukarudi umekatwa kwa wino mwekundu: "Unanisimulia kitabu nilichokisoma. Swali liko wapi?" Iliniuma. Nilidhani utangulizi wa kuvutia ni wa kumliza mtu.

Anachofundisha ni hiki. Piga mstari chini ya neno linalobeba swali. Tafuta katika kila kitabu tendo moja linalolijibu neno hilo, liandike kwa sentensi moja. Halafu toa msimamo wako. Na mistari ya utangulizi uiache wazi kwanza, uijaze ukishamaliza hoja, kwa sababu kabla ya hapo hujui unachokaribisha watu. Hiki cha kuacha mistari wazi nilikipinga wiki nzima, sasa siandiki bila hicho.

Baada ya kukatwa mara tano, huu ndio utangulizi uliopita:

"Sekai alingoja mtoto miaka mingi, na alipompata ikatakiwa auawe kwa kuwa ana ualbino, akambeba akatoroka. Mama N'tilie anauza chakula ili watoto wale, huku mumewe, Mzee Lomolomo, akilewa. Katika Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, mwanamke ndiye anayeibeba familia, lakini mzigo wa mmoja unatoka kwenye mila na wa mwingine unatoka kwenye umaskini."

Sentensi ya mwisho peke yake ilinila wiki mbili. Mwalimu aliizungushia duara akaandika pembeni, "Haya, sasa una deni." Ndipo nikaelewa kwa nini hoja zangu zamani zilikuwa zinatangatanga: sikuwa nimemwahidi msomaji kitu. (Mama N'tilie nilimchagua kwa upendeleo, sikatai. Ni mwenzangu wa jikoni.)

Sasa malalamiko. Kazi zinachelewa kusahihishwa. Moja nilisubiri siku kumi na mbili. Kitini kinauzwa pembeni shilingi 3,000, fotokopi imefifia hadi kurasa mbili hazisomeki. Ushairi aligusa Jumapili moja tu, tena mbio, na shairi mara nyingi halina tendo la kuanzia kama riwaya, kwa hiyo hapo nilibaki njia panda.

Jingine ni la wanafunzi wa shule. Mtoto wa dada yangu aliacha maana ya fasihi kwenye jaribio, mwalimu wake wa darasani akamnyima alama. Nilipomfikishia mzee, akasema swali likitaja istilahi kama dhamira, ieleze kwa mstari mmoja kwa maneno yako, upite. Kwangu inatosha. Kwa mtoto ambaye mwalimu wake anataka maneno yaleyale ya daftarini, sijui kama inamsaidia. Amuulize mwalimu wake kwanza.

Nyota nne kati ya tano. Mwezi wa pili nimeshalipa. Ameahidi ushairi tutauanza Jumamosi hii, na safari hii nakwenda na benchi langu.