TAHADHARI: Ziara ya Chichén Itzá ya "dola 39, kila kitu ndani" inayozungushwa kwenye magrupu yetu

Wapendwa, hasa mlioko Texas, Georgia na kule Minnesota mnaopanga kwenda Cancún Desemba hii: kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili. Lina picha ya piramidi, watu wamejaa kwenye ngazi wanapunga mikono, na sauti ya dada mmoja anayeongea Kiswahili safi kabisa: Chichén Itzá (magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa pande hizo za Mexico), kuogelea kwenye cenote (shimo la asili lenye maji), mji wa Valladolid, chakula cha mchana, kuchukuliwa na kurudishwa hotelini, dola 39 tu kwa kichwa, kila kitu ndani. Chini kuna namba ya Mexico ya kutuma kianzio. Msitume.

Sisi tulienda, familia nzima, pamoja na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Moshi. Ukiwa na viza halali ya Marekani huhitaji viza ya Mexico, ndiyo maana wengi wetu tunawapeleka wazazi huko, na ndiyo maana hawa jamaa wametuona. Jina la kampuni silitaji kwa sababu halisaidii. Tangazo lilikuwa na jina moja, risiti ina jingine, na ubavuni mwa basi limeandikwa la tatu. Kinachofaa ni kuujua mchezo wenyewe.

Anza na hesabu. Tiketi ya kuingia Chichén Itzá kwa mgeni mtu mzima ina sehemu mbili. Moja ni ya INAH, taasisi ya serikali kuu inayosimamia magofu ya kale, na nyingine ni ya serikali ya jimbo la Yucatán, na hiyo ya jimbo ndiyo kubwa. Zote mbili pamoja, miaka hii ya karibuni, zimepita peso 600, yaani dola thelathini na kitu. Haya, toa hiyo kwenye 39. Kilichobaki eti kilipie basi la kilomita karibu 200 kwenda na nyingine 200 kurudi, tozo za barabara kuu, dereva, mwongoza watalii, bufee na kiingilio cha cenote. Haiwezekani, na wao wanajua haiwezekani. Ile 39 ni ya kukupandisha kwenye basi tu. Pesa yenyewe wanaidai mkishakuwa katikati ya pori, mahali ambapo hakuna wa kushuka.

Kwetu ilianza baada ya basi kuacha Cancún. Kijana akapita katikati ya viti ameshika mashine ya kadi mkono mmoja na bahasha ya kaki mkono mwingine. Anasema kuna kodi ya serikali, dola 45 kila mtu mzima, ukitoa taslimu anakupunguzia hadi 40. (Kodi gani ya serikali inayopungua ukilipa taslimu?) Mama mkwe akanigeukia: "Mama Neema, si uliniambia tumeshalipa yote?" Nikamwonyesha kijana ujumbe kwenye simu, "kila kitu ndani", na risiti. Akatabasamu, akasema ndani ni usafiri, kodi haijawahi kuwa ndani, na asiyelipa atashushwa dukani asubiri wenzake mpaka jioni. Watu wakalipa. Tulipofika magofuni, tiketi alishika mwongozaji mwenyewe na kutupitisha pembeni haraka. Mume wangu akachungulia bei iliyobandikwa dirishani: tiketi nzima, sehemu zote mbili, ilikuwa chini ya hiyo waliyoiita kodi.

Lakini kilichoniudhi kuliko pesa ni duka.

Basi halikwenda moja kwa moja kwenye piramidi. Lilikwenda dukani, wanaliita ushirika wa Wamaya, baada ya mahubiri ya karibu saa nzima kwenye kipaza sauti. Mwongozaji anakueleza kwamba wachuuzi wa kule kwenye magofu wanauza bidhaa za kiwandani kutoka China, ila hapa pesa inaenda moja kwa moja kwa watoto wa kijijini. Anapitisha jiwe jeusi la obsidiani ulitazame jua. Anagawa fomu na kalamu ujaze jina na tarehe ya kuzaliwa, hujaambiwa ni ya nini. Ukifika dukani unakuta imeshachapwa "cheti cha kuzaliwa cha Kimaya", jina lako kwa michoro ya kale, na unadaiwa dola 30. Asubuhi tulipokuwa tunapanda basi kuna mtu alitupiga picha, nikadhani ni ya usalama. Mama mkwe ni mzee wa kanisa, hajawahi kuonja hata mbege, na pale kwenye rafu akakuta sura yake imebandikwa kwenye chupa ya tequila. Alisimama akaitazama, akaivua miwani, akaivaa tena. Kijana wa duka akadhani amependa, akataja bei.

Tulikaa hapo saa moja na nusu. Cenote iliyotangazwa ilikuwa Ik Kil, ile maarufu iliyo karibu na magofu, ambapo unashuka ngazi mpaka kwenye maji yaliyo mita kama 26 chini ya ardhi na mizizi inaning'inia kutoka juu. Tulichopelekwa ni shimo dogo nyuma ya duka. Huko ukalipe jaketi la kuelea, ukalipe kabati la kuwekea nguo. Niwe mkweli hapa: kuambiwa uoge kwanza na usipake mafuta ya jua si utapeli. Hayo maji yako kwenye mwamba wa chokaa na yameungana chini kwa chini, ukichafua hapa umechafua na kwingine, na jaketi ni lazima kwenye cenote nyingi. Tatizo ni kuambiwa kila kitu ndani kisha kukuta kila mlango una mtu na mashine ya kadi.

Magofuni tukafika saa saba mchana, jua la kichwa, mabasi yote ya Cancún yamefika pamoja. Mahali hapo hufunguliwa saa mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo muda ulikuwepo, uliliwa dukani. Mwongozaji alizungumza nusu saa mbele ya piramidi ya Kukulkán, akatupigisha makofi tusikie mwangwi unaorudi kama mlio wa ndege, akatuachia dakika arobaini. Uwanja wa kale wa mpira wa Wamaya, wenye urefu wa mita 168, tuliuona kwa kukimbia. Kile kisima kitakatifu upande wa kaskazini hatukukifikia, wala lile jengo la duara la kutazamia nyota. Kisha akasema turudi kwenye basi saa tisa kamili bila kusema saa ya wapi. Cancún iko saa moja mbele ya Yucatán mwaka mzima, na simu zinajibadilisha zenyewe, kwa hiyo vijana wawili nusura waachwe, na yeye ndiye aliyekuwa anawafokea.

Kitambulisho hakuwa nacho. Waongozaji wanaotambuliwa Mexico hubeba kadi yenye picha kutoka Wizara ya Utalii, na kampuni inatakiwa iwe kwenye daftari la taifa la watoa huduma za utalii, lile wanaloliita RNT. Yeye alikuwa na fulana tu. Njia nzima alitusimulia jinsi Wamaya walivyotoweka na hakuna ajuaye walikokwenda, wakati akina mama waliokuwa wanauza leso pale getini wanaongea Kimaya mbele ya macho yetu.

Valladolid ni mji mzuri, na nasema hivyo kwa kuuona kupitia dirishani. Tulipewa dakika ishirini kwenye uwanja wa kati, foleni ya choo ikazimaliza, honi ikapigwa.

Sasa, kama kuna mtu anakuuzia ziara kama hii, awe ni huyu au mwingine, muulize maswali ambayo jibu lake unalijua. Muulize kama mtapanda juu ya piramidi. Kupanda kumepigwa marufuku tangu 2006, kwa hiyo anayesema ndiyo, au anayetangaza kwa picha ya watu kwenye ngazi, ama hajafika ama anakudanganya. Muulize kama mtaogelea kwenye kile kisima kitakatifu cha ndani, hakiogelewi. Muulize kama mtaona kile kivuli kinachofanana na nyoka kikishuka kwenye ngazi za piramidi. Kinaonekana siku za karibu na usiku na mchana vinapolingana, mwezi Machi na Septemba, siyo Krismasi. Ukishamaliza, mwambie aandike kwa maneno yake kwamba sehemu zote mbili za tiketi, ya INAH na ya jimbo, zimo kwenye bei, ataje jina la cenote, ataje idadi ya vituo vya maduka na muda wa kukaa magofuni. Huyu muuzaji wetu nilimrudia baadaye na swali hilo la tiketi kwa namba nyingine, nikijifanya mteja mpya. Alijibu kwa kidole gumba na ua.

Na alama ya $ muwe nayo macho. Mexico wanaiandikia peso. Kinywaji kilichoandikwa $90 kwenye menyu ni peso 90, na kuna wahudumu wanaokaa kimya ukitoa noti za dola. Mashine ya kadi ikikuuliza utozwe kwa dola au peso, chagua peso, benki yako ibadilishe yenyewe.

Kuna ndugu zao wengine uwanja wa ndege wa Cancún. Ukishatoka forodhani unapita katikati ya watu wenye sare na vitambulisho shingoni wanaokuuliza hoteli yako ipi, usafiri wako uko wapi. Si wafanyakazi wa uwanja, ni wauzaji. Watakupa ziara ya Chichén Itzá bure au kwa bei ya kutupwa, sharti uhudhurie "kifungua kinywa" cha dakika tisini. Hicho ni kikao cha kukuuzia haki ya kukaa hotelini wiki fulani kila mwaka, mkataba wa maelfu ya dola, na dakika tisini zinageuka nusu siku. Kama kuna aliyesaini, sheria ya Mexico inampa siku 5 za kazi kuuvunja bila adhabu. Fanya kwa maandishi na utunze nakala.

Pa kwenda pazuri, msije mkasusa kwa sababu ya hawa. Njia ambayo wenyeji wa pale walituambia, na ambayo shemeji yangu aliifuata baadaye na familia yake, ni kupanda basi la kawaida la abiria mpaka Valladolid, mlale huko usiku mmoja, asubuhi mchukue kile kibasi chao cha colectivo mpaka magofuni, kama dakika arobaini na tano, muwe getini saa mbili kabla mabasi ya Cancún hayajafika. Tangu Desemba 2023 kuna pia treni ya abiria, Tren Maya, yenye vituo Valladolid na Chichén Itzá. Tiketi nunueni wenyewe dirishani. Waongozaji wenye kadi wapo pale pale mlangoni. Kubalianeni bei ya kundi zima, siyo ya kichwa, na lugha, kabla hamjapiga hatua.

Aliyesambaza sauti ile kwenye grupu simlaumu sana, nadhani naye alitumiwa tu. Ila yule dada anayeongea, kama unasoma hapa, jua wanaotumia sauti yako wanafanya nini.

Kwa waliokwisha kulipa: kama ulilipa kwa kadi, piga benki leo, uwaambie huduma iliyotangazwa siyo inayotolewa, na uwatumie picha za skrini za tangazo kabla hawajalifuta, maana letu wamelifuta. Kama ulituma moja kwa moja kwenye namba, hiyo pesa kurudi ni kazi, lakini malalamiko yanapokelewa na Profeco, ofisi ya serikali ya kulinda walaji, na ukiwa Cancún unaweza kwenda mwenyewe na risiti. Kama umeamua kwenda hivyo hivyo kwa sababu likizo imeshapangwa, usilipe "kodi" ndani ya basi. Waambie utanunua tiketi yako dirishani, na ile fomu ya tarehe ya kuzaliwa irudishe tupu.