Mama Mzazi wa Snow White: uzoefu wangu na ngano za Grimm kama zilivyotoka 1812

Kitabu ninachokizungumzia ni tafsiri ya Kiingereza ya toleo la kwanza kabisa la ngano zilizokusanywa na ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm. Aliyetafsiri ni Jack Zipes, na Princeton University Press wakakichapisha mwaka 2014. Ndani mna ngano 156: zile 86 za juzuu ya 1812 na 70 za juzuu ya 1815. Nimekisoma hapa Kisumu jioni baada ya kazi, na ni muda mrefu sijapata kitabu kilichonishika namna hii.

Nilikiagiza mtandaoni. Kilichelewa, na kona moja ya jalada ikafika imepondeka, jambo ambalo walioleta kifurushi hawakutaka hata kulisikia. Hayo tuyaache. Ni kitabu kinene, zaidi ya kurasa 500, na michoro yake ni ya vivuli vyeusi kana kwamba imekatwa kwa makasi. Msanii ni Andrea Dezsö. Michoro hiyo haina rangi hata moja, na inafaa kabisa.

Mimi nimekulia Webuye, magharibi mwa Kenya, na hadithi nilizipata kwa njia mbili. Kukhu, yaani bibi yetu, alitusimulia za amanani, wale mazimwi wanaomeza watu na ng'ombe mpaka mtu mmoja jasiri awakate kidole na waliomezwa watoke. Shuleni tulipewa vitabu vya rangi vyenye binti mfalme, busu na harusi. Nilikua nikiamini kwamba hadithi za Wazungu ni za upole na zetu ndizo za kutisha. Kitabu hiki kimeniondolea imani hiyo.

Chukua Snow White. Malkia anayekiuliza kioo ni nani mzuri kuliko wote nchini ni mama mzazi. Ndiye aliyejichoma sindano dirishani, akaona tone la damu kwenye theluji, akatamani mtoto mweupe na mwekundu namna ile. Mtoto akampata. Alipofika miaka saba uzuri wake ukampita mama, na mama huyohuyo akamwita mwindaji: mpeleke msituni, umuue kwa kisu, uniletee mapafu na ini lake niyapike kwa chumvi niyale. Mwindaji akaingiwa na huruma, akamletea ya nguruwe mwitu. Yakapikwa, akayala akidhani anamla binti yake. Nilisimama hapo kwenye chumvi. Aliyesimulia hakusema tu kwamba malkia alikuwa mbaya; alikumbuka hata kiungo cha mboga.

Wala busu la kumwamsha baada ya kula tofaa lenye sumu halipo. Watumishi wa mwana wa mfalme walichoka kulibeba jeneza la kioo kila alikokwenda bwana wao, mmoja akashikwa na hasira, akamwinua yule msichana na kumpiga mgongoni, na kipande cha tofaa kikamtoka kooni. Basi, akaamka.

Rapunzel naye, msichana aliyefungiwa kwenye mnara ambako mwana wa mfalme humtembelea kwa siri, anamuuliza mlezi wake kwa nini nguo zimeanza kumbana. Msomaji mzima anaelewa mara moja, na mlezi naye akaelewa. Matoleo ya baadaye yakaliondoa swali hilo, wakamfanya msichana aulize kwa nini mlezi ni mzito kumvuta kuliko mwana wa mfalme. Mimba ikafutwa pale.

Watu wengi husema hadithi hizi zilipunguzwa ukali ili watoto walale vizuri. Nikilinganisha matoleo, sikubaliani nao. Katika Cinderella ya 1812 dada zake wanajikata vidole na kisigino ili kiatu kiwaingie, na kisu wanapewa na mama yao. Lakini wale njiwa wanaowadonoa macho mwishoni waliongezwa mwaka 1819! Viatu vya chuma cha moto ambavyo malkia wa Snow White anachezeshwa mpaka afe vilikuwepo 1812, na 1857, kwenye toleo la mwisho, bado vipo. Damu haikuwasumbua wahariri, yaani ndugu hao wenyewe. Aliyewasumbua ni mama. Snow White akapewa mama wa kambo 1819, na Hansel na Gretel wakapewa wao 1840. Katika toleo la kwanza, anayemshawishi baba awaache watoto msituni kwa sababu chakula kimekwisha ni mama aliyewazaa.

Hili limenigusa kwa sababu ninalijua upande wake wa pili. Nyumba ngapi huku kwetu watoto wamelelewa na mama asiye wao, akawalipia karo, akawauguza, na bado wanakijiji wanamtazama kwa jicho la hadithi? Wahariri walitaka kumhifadhi mama mzazi, na wakamtwika mwanamke mwingine lawama yote. Mzigo huo ameubeba mpaka leo, na mimi naona ni dhuluma.

Kuna hadithi moja fupi, haifiki kurasa mbili, ambayo peke yake ilitosha kunirudishia pesa zangu. Iko kwenye juzuu ya 1815, inahusu watoto wakati wa njaa, na matoleo yaliyofuata yaliitupa. Mama ana binti wawili na hawana hata kipande cha mkate. Njaa inampanda kichwani, anamwambia mkubwa: itabidi nikuue nipate chakula. Binti anamsihi, anatoka, anarudi na kipande cha mkate. Wanagawana, hakitoshi. Anamgeukia wa pili, naye anatoka na kurudi na vipande viwili. Havitoshi. Mwishowe watoto wanasema: mama mpendwa, tutalala, na hatutaamka mpaka siku ya hukumu. Wakalala usingizi ambao hakuna aliyeweza kuwaamsha. Mama akaenda zake, na hakuna ajuaye alikokwenda.

Mama yangu anaishi nami, na macho yake siku hizi hayasomi, kwa hiyo nilimsomea nikigeuza Kiswahili papo hapo. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo mama alienda wapi?"

Nikamwambia, "Mama, kitabu hakisemi."

Akaanza kunisimulia mwaka 1984, ule wa mahindi ya manjano, jinsi gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, ilivyogawanywa kwa nyumba tatu. Akamtaja jirani yao aliyetoka alfajiri kutafuta unga na hakuonekana tena, watoto wakachukuliwa na shangazi. "Hatukumsema vibaya," akasema. "Tulijua njaa ile." Sikuwahi kuisikia habari hiyo kabla ya usiku ule. Binti mfalme wa vitabu vya rangi asingeitoa kinywani mwa mama.

Kasoro zipo. Baadhi ya ngano ni vipande tu, zinaishia katikati, na zingine zinarudia kisa kilekile kwa majina mapya. Ukisoma kumi mfululizo utachoka. Mbili tatu kwa jioni zinatosha. Lugha ni kavu, na hapo sioni ubaya, maana hata Kukhu hakuwa na muda wa kueleza mawingu. Maelezo ya nyuma kuhusu waliosimulia ni mazuri, yasiyapite macho yako.

Watoto wadogo wasikiguse peke yao. Ipo hadithi ya watoto wanaocheza kuchinja nguruwe, na mmoja anamchinja mwenzake kweli. Hakimu anamjaribu muuaji kwa tofaa jekundu na sarafu. Mtoto anachukua tofaa huku anacheka, na anaachiliwa. Hata hao ndugu wawili waliiondoa baada ya toleo la kwanza. Mwanangu wa darasa la nne nimemsomea ile ya chura, ambaye habusiwi bali anatupwa ukutani kwa hasira, na ameifurahia sana.

Nakipa nyota nne na nusu. Ukitaka kukinunua, angalia sana, kwa sababu vitabu vingi vinauzwa kwa neno "asili" juu ya jalada na ndani ni toleo la 1857. Tafsiri ya Margaret Hunt ya 1884, inayopatikana bure kwenye intaneti, ni ya huko pia. Ni nzuri, ila siyo hii. Kabla ya kulipa, omba kuona ukurasa wa kwanza wa Hansel na Gretel. Ukikuta mama wa kambo hapo, rudisha kitabu kwenye rafu.