Nililipa ada ya ngumi, nikapewa saa nishike

Hasira hii nimekaa nayo siku kadhaa, leo naitoa. Ni ukumbi mmoja wa ngumi hapa Kigoma mjini, jina silitaji. Ada ya mwezi nimelipa ileile wanayolipa vijana wa kiume, hata mia haikupungua.

Mimi nauza dagaa Kibirizi. Ngumi nilianza Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi ile miezi mitatu ya 2024, mwalo kimya, nashinda nyumbani na madeni yangu kichwani. Uvuvi uliporudi sikuacha. Siku za mbalamwezi taa za wavuvi hazifui dafu, dagaa hawapandi, mitumbwi inalala ufukweni, nami jioni naenda zangu mazoezini.

Sasa sikieni. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema wiki ile naingia ulingoni kwa mara ya kwanza, nipigane na mtu badala ya begi. Nikanunua kinga ya meno, nikaichovya kwenye maji ya moto na kuing'ata mpaka ikakaa. Bandeji nikafunga mwenyewe, kuanzia kwenye kifundo cha mkono, nikapitisha kati ya vidole, nikakunja ngumi kuona kama imebana. Nikasimama kando ya kamba na glovu zangu, moyo unadunda. Mwalimu akaniangalia, akasema vijana wote wanasikia: "Mama, wewe si umekuja kupunguza tumbo? Njoo ushike saa, utuhesabie."

Glovu zangu akampa kijana ambaye hakuwa na zake. Zangu! Nilizoagiza kwa pesa yangu ya dagaa! Hakuniomba, alininyooshea tu mkono, na mimi, sijui kwa nini, nikavua nikampa. Nikahesabu dakika tatu, mapumziko dakika moja, dakika tatu tena, hadi wakamaliza wote. Glovu zikarudi zimelowa jasho la mtu nisiyemjua. Nilitembea hadi nyumbani sikupanda hata bodaboda.

Tumbo! Nani alimwambia habari za tumbo? Wanawake wameingia ulingoni Olimpiki tangu London 2012, Nicola Adams wa Uingereza akachukua dhahabu ya kwanza kabisa. Wakati ule walipewa raundi nne za dakika mbili mbili. Tangu Tokyo ni tatu za dakika tatu tatu, sawasawa na wanaume. Mtu anayejiita mwalimu wa ngumi hilo halijui? Au analijua, ila anaona linahusu wanawake wa Ulaya, siyo mama wa Kibirizi?

Kwa siku ile ningewaambia msiende kabisa. Mahali pachafu, choo hakina kitasa, maji ya kunywa uje nayo.

Lakini nisimdhulumu kijana msaidizi. Yule mdogo wangu ndiye aliyenifundisha jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele. Miezi ya mwanzo kifundo cha mkono kilikuwa kinaniuma, nikidhani ni umri. Akanishika mkono, akasema, "Dada, unagonga na vidole vya mwisho. Gonga na vifundo hivi viwili vya mbele, halafu mkono urudi kidevuni haraka, usiuache hewani." Siku nilipoipata, begi lilitoa mlio mwingine kabisa, mlio mkavu, hata vijana waliokuwa wanaruka kamba wakageuka. Jamani, furaha ile siwezi kuieleza. Nimezaa watoto watatu, nimebeba magunia miaka mingi, ila sijawahi kuusikia mwili wangu ukifanya kitu kwa ajili yangu mwenyewe namna ile. Usiku huo nililala kama mtoto.

Kwa hiyo neno langu la kwamba msiende nalirudisha. Nendeni. Mimi mwenyewe mbalamwezi ijayo nitakuwepo, na safari hii mwalimu akininyooshea mkono nitamwambia, "Mwalimu, glovu zangu sitoi, naomba raundi yangu." Akikataa, nataka pesa yangu ya siku zilizobaki, mbele ya vijana walewale.

Ila wewe unayeanza, lipia kwa siku, usilipie mwezi. Na glovu zako andika jina kwa kalamu ya wino mzito, ndani, pale kwenye kifungio.