Robo kilo ya kahawa iliyochomwa hapa hapa Mbale

Kahawa hii ni nzuri. Natanguliza hilo kwa sababu mimi huuza kahawa tungu karibu na msikiti hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, buni nakaanga mwenyewe na kutwanga mwenyewe, na si rahisi nisifu kahawa ya mtu mwingine. Pakiti ni ya gramu 250, kahawa aina ya arabika kutoka Bugisu, eneo letu la mlimani, imechomwa katika duka dogo la mjini ambalo mashine yake iko nyuma ya kaunta, unaiona ikizunguka. Bei ni Sh20,000 za Uganda. Naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua haihusu ladha.

Kwenye mfuko wameandika tarehe ya kuchoma, jambo ambalo kwenye makopo ya dukani hulioni, na wameandika kwamba buni zimetoka wilaya ya Sironko. Nilimwaga kijiko kiganjani nikaangalia: rangi moja, hakuna zilizoungua wala zilizobaki nusu mbichi. Nikaichuja kwa kitambaa, maji yakiwa yametulia baada ya kuchemka. Kuna uchachu mwepesi wa chungwa, halafu utamu unaobaki ulimini kama sukari guru. Hivyo ndivyo kahawa ya mlimani, Mlima Elgon, inavyokuwa ikichumwa nyekundu tupu na kuanikwa vizuri.

Kwa dele, lile birika la kuchemshia kahawa, haifai sana. Ukiichemsha pamoja na tangawizi ule uchachu unakuwa ukali unaokwaruza. Binti wa dukani aliniambia mapema.

"Mama, utainywa vipi?"

"Kwenye dele, mwanangu. Na nyingine nitachuja."

"Ya dele usiichemshe muda mrefu basi. Nikusagie nene kidogo. Au uchukue ile tuliyochoma zaidi, bei ni ile ile."

Hiyo ndiyo huduma. Anajua anachouza, hakunikimbiza, na nilipolipa kwa simu hawakuniongezea ada. Usagaji ni bure.

Sasa bei. Kikombe changu kidogo nauza Sh500. Robo kilo ikitoka vikombe 35, napata Sh17,500 kabla ya mkaa, maji na tangawizi. Kwa hiyo kahawa hii siwezi kuiuza kibandani hata nikitaka. Wateja wangu ni wapakiaji mizigo, waendesha boda na wazee wanaotoka kuswali. Wanakunywa buni za daraja la chini ninazonunua sokoni, zile zilizobaki baada ya nzuri kupelekwa Kampala na kupakiwa kwenda Mombasa.

Ndugu zangu, nisimwonee mwenye duka. Mjomba wangu ana shamba huko juu, upande wa Budadiri, huko huko Sironko, na msimu uliopita aliuza kahawa iliyoanikwa, ikiwa bado na ganda lake la ndani, kwa Sh14,000 kilo. Kilo hiyo ukiikoboa inabaki kama gramu 800. Ukiichoma inapungua tena, unabaki na gramu 650 na kidogo. Kwa hesabu hiyo, ndani ya pakiti yangu mna kahawa ya mkulima yenye thamani ya Sh5,300 hivi. Robo ya bei, na ushee. Kinachobaki kinalipa kukoboa, kuchambua, umeme, kodi ya chumba, mishahara ya vijana na mfuko wenye kitundu cha kutolea hewa, ambao unaagizwa kutoka nje.

Robo inaweza kuonekana ndogo. Lakini nenda kwenye mgahawa mkubwa wa Kampala, au London, unywe kikombe kimoja cha arabika. Kikombe hicho kinahitaji gramu 18 hivi za kahawa iliyochomwa. Kwa bei aliyouzia mjomba, sehemu yake haifiki Sh400, na Kampala kikombe kama hicho hulipiwa Sh10,000 au zaidi. Kwa hiyo pakiti hii ya Mbale inarudisha mlimani sehemu kubwa zaidi ya fedha yangu, na nyingine inabaki mjini, mkononi mwa binti aliyenisagia. Ndiyo maana nimeinunua tena, ingawa ni ghali.

Mjomba ana umri wa kutosha kukumbuka enzi ambapo Chama cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa 1954, ndicho kilichokusanya kahawa yote ya huku, na bodi ya serikali ikaiuza nje. Malipo yalichelewa, hilo analisema wazi, na serikali ilijichukulia sehemu kubwa. Lakini kwa miaka mingi bei ya dunia haikuyumba kama sasa, kwa sababu nchi zinazolima na zinazokunywa zilikuwa na mkataba wa kugawana viwango vya mauzo. Mkataba ule ulivunjika Julai 1989. Bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bodi ikanyang'anywa ukiritimba wake, wanunuzi wakaruhusiwa kupanda mlima wenyewe. Wakati huo huo Vietnam ilikuwa inapanda mibuni kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, hadi ikawa ya pili duniani baada ya Brazil. Kufikia 2001 arabika ilikuwa inauzwa New York chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Mwaka ule watu wa mlimani waliing'oa mibuni wakapanda maharage, na mjomba naye aling'oa nusu ya yake.

Februari 2025 ratili ile ile ilipita dola 4, hasa kwa sababu ya ukame Brazil. Ndipo unaona kwamba jasho la mtu wa Sironko linapimwa kwa mvua ya Minas Gerais, jimbo la kahawa huko Brazil. Hata hivyo bei nzuri haikuwafikia wote sawasawa. Mwenye akiba alianika kahawa yake, akasubiri, akauza juu. Asiye na akiba alikuwa ameshaiuza ikiwa maua. Hii ni biashara ya kawaida huku: muhula wa kwanza wa shule unaanza Februari, karo inadaiwa, mibuni ndiyo kwanza inachanua, na mchuuzi anakuja na fedha taslimu anainunua kahawa ambayo bado haijawa kahawa. Mavuno yakifika ni yake, hata bei ikiwa imepanda mara mbili. Na ukiwa mwaka wa shufwa, mwaka wa imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu, mwenye kijana wa kutahiriwa ana gharama nyingine juu ya hiyo. Nyumba mbili jirani, mteremko mmoja, kahawa ya aina moja: moja ikapiga bati jipya, nyingine ikabaki na deni.

Watu huuliza kwa nini tusichome yote hapa tukauza nje. Si ushuru wa forodha unaotuzuia, kwa sababu kahawa ya Uganda inaingia Ulaya bila ushuru huo, mbichi na iliyochomwa. Buni mbichi hukaa ghalani miezi mingi bila kuharibika, lakini iliyochomwa hupoteza harufu baada ya wiki chache, na meli haina haraka. Wachomaji wa kule huchanganya buni za nchi nyingi ili ladha yao isibadilike mwaka hadi mwaka. Majina yao yanajulikana kwa mama wa nyumbani tangu bibi yake. Na mtaji wao ni rahisi, wakati mfanyabiashara wa hapa akikopa shilingi benki hutozwa riba inayokaribia asilimia 20 kwa mwaka. Ujerumani hakuoti mbuni hata mmoja shambani, na bado ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa iliyochomwa duniani. Kwa hiyo mtu anayenunua mashine na kuiweka Mbale amefanya jambo gumu, na nataka afanikiwe.

Nyota niliyoipunguza, sababu yake ni hii. Nilimpelekea mjomba pakiti moja. Nyumbani kwake hunywa chai, na mgeni akija hutolewa kopo la kahawa ya unga iliyotoka nje, ndiyo heshima. Alinusa mfuko, akasoma jina la wilaya yake, akauliza bei. Nilipomwambia, akamwita mke wake aje ausome naye. Hawakuwahi kuonja kahawa yao ikiwa imechomwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, na wameilima tangu ujana wao. Mkewe aliipenda kwa maziwa. Mjomba aliinywa kavu, kikombe cha pili akakiomba mwenyewe, kisha akaanza kunieleza ni mti upi kati ya yake ungetoa ladha kama ile na kwa nini ule wa bondeni hautoi. Mkulima akiijua ladha ya mwisho anajua pia cha kumdai mchuuzi anayemwambia kwamba kahawa zote ni sawa.

Ombi langu kwa wenye duka, na nimemwambia yule binti pia: tengenezeni pakiti ya gramu 50, mfuko wa kawaida usio na kitundu, ya kunywa ndani ya wiki. Wauzieni kwa punguzo watu wanaowaletea buni. Na mkianza kununua moja kwa moja mlimani, walipeni wakulima malipo ya awali Februari, hata kidogo, ili wasilazimike kuuza maua.

Kwa anayetaka kununua: chukua iliyochomwa ndani ya wiki mbili, tarehe iko chini ya mfuko. Jumamosi asubuhi ndipo wanapochoma. Ya dele omba ile nyeusi zaidi, chemsha tangawizi kwanza, kahawa itie mwisho na uiepue mara inapoinuka.